Mdogo wangu anatoka gereza la Butimba, mama anataka aingie nyumbani usiku

Habari za kazi, washauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe, Manispaa ya Ilemela, nauza dagaa. Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata mimi, ana miaka 31. Alihukumiwa miaka 6 kwa kuiba injini ya mtumbwi ya jirani yetu, yeye na wenzake wawili. Injini haijapatikana mpaka leo. Ametumikia miaka 4 Butimba na tumeambiwa atatoka baada ya wiki tatu.

Hapa nyumbani hatuelewani. Mama anasema tumpokee usiku, akae ndani wiki mbili, halafu tuseme karudi kutoka Ukerewe alikokuwa anavua. Hivyo ndivyo alivyowaambia hata watoto wawili wa mdogo wangu walioko Sengerema kwa mama yao. Mkubwa ana miaka 9. Mume wangu si mtu mbaya, ila ana hofu, kwa sababu chumba cha kumlaza ndicho tunachowekea magunia ya dagaa na pesa ya mtaji. Mwenye injini anapita mbele ya nyumba yetu kila alfajiri akienda mwaloni. Hajawahi kututukana, lakini amesema mbele ya watu kwamba akimwona "safari hii hataenda polisi". Neno hilo linaninyima usingizi.

Kuna jamaa amejitolea kumpeleka kisiwani moja kwa moja akavue, akae huko mpaka watu wasahau. Mjomba wetu wa Buhongwa naye anasema yuko tayari kumpokea. Nilipomtembelea mara ya mwisho aliniambia kajifunza useremala humo ndani, na kwamba anaogopa kutoka kuliko alivyoogopa kuingia. Sikujua nimjibu nini. Hana kitambulisho wala simu. Nianzie wapi?

Dada Mkubwa, Igombe

Dada yetu,

Pole kwa mzigo huu, na umefanya vizuri kuandika mapema. Familia nyingi huuliza mtu akishafika mlangoni, na hapo mambo mawili mazito, yaani mwenye injini na serikali ya mtaa, yanakuwa yamechelewa.

Tuanze na la mama. Tunamwelewa, aibu ya mwana inamkaa mzazi mwilini. Lakini asiingie usiku. Igombe ni mwalo, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, watu wako macho saa kumi za alfajiri wakingoja mitumbwi, na hakuna sura ngeni isiyoulizwa. Mtu anayeonekana usiku wa tatu akitoka chooni nyuma ya nyumba, katika mtaa ambao hakuna aliyeambiwa kwamba karudi, ni mwizi machoni pa kila atakayemwona. Ikipotea taa moja ya sola wiki hiyo, ataitiwa yowe kabla hajaulizwa jina. Na hadithi ya Ukerewe haitadumu, maana mwaloni hapo kila siku wanafika watu wa Ukerewe. Kazi yenu ya wiki hizi tatu ni kuandaa aingie mchana.

Wiki hii nenda Butimba siku ya kutembelea, ukiwa na maswali yako umeyaandika. La kwanza: anatoka kwa njia gani? Hesabu ya miaka 6 kuwa 4 inaonyesha msamaha wa theluthi moja, ambao Sheria ya Magereza ya 1967 inampa mfungwa kwa kazi na mwenendo mzuri. Akitoka hivyo, kifungo kimekwisha. Ila usikisie, uliza. Kama ni parole, bado anatumikia kifungo akiwa nje: ana masharti, ana afisa wa kuripoti kwake, na akiyavunja anarudishwa. Kwa mtu wa parole, safari ya kisiwani bila ruhusa inaweza kumrudisha ndani kabla hajagusa wavu. Msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba nao unaweza kuwa na masharti au usiwe nayo. Waulize maafande wakueleze ni ipi kati ya njia hizo tatu.

Uliza pia kama hukumu ilikuwa na amri ya fidia. Mahakama inaweza kumfunga mtu na papo hapo ikaamuru amlipe aliyemkosea, na amri hiyo haiyeyuki kwa sababu mtu amekaa ndani. Nakala ya hukumu inatafutwa katika mahakama iliyosikiliza kesi. Nenda na namba ya kesi. Usipoijua amri hiyo mapema, mtakwenda kuzungumza na mwenye injini huku yeye anajua kitu msichokijua.

La afya lisisahaulike. Gerezani watu hulala wamebanana, na kifua kikuu hupenda mahali pa namna hiyo. Kama yuko kwenye dozi ya TB, tiba ya kawaida ni miezi 6, na dozi hukatika katika siku zile chache kati ya geti la gereza na kliniki mpya. Atoke na kadi yake ya matibabu, barua ya rufaa, na dawa za kumfikisha kliniki. Mwenye VVU vivyo hivyo, atoke na kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya tiba ya VVU. Kama hatumii dawa yoyote lakini amekohoa wiki mbili au zaidi, apimwe makohozi mara tu anapofika, maana nyumba yako ina watoto watatu. Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali.

Swali la mwisho la kumuuliza, na umuulize kwa upole: ameahidi nini, kwa nani? Wafungwa hupeana ujumbe wa kupeleka kwa familia, hudaiana, huahidiana kazi watakapokutana nje. Ujumbe wa kumsalimia mama wa mwenzake hauna neno. Ahadi ya "tukutane Mabatini, kuna dili" ndiyo unayotaka kuijua leo, wakati bado kuna nafasi ya kumsaidia kukataa.

Sasa mwenye injini. Hapa msiharakishe, na mdogo wako asiende kabisa kabla hajaitwa. Watumeni watu wazima wawili: mjomba wa Buhongwa kwa upande wenu, na mmoja ambaye mwenye injini humsikiliza, awe kiongozi wa kanisa au msikiti wake, au wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Waende mchana, siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika na tajiri, yaani mwenye mtumbwi, ana muda wa kukaa chini. Wasianze na kuomba msamaha. Vikao vingi vya namna hii huvunjika kwa kuwa mtu ameombwa asamehe kabla hajaulizwa aliumia vipi. Injini ile haikuwa chuma tu. Huenda ilikuwa ya mkopo. Huenda vijana wake walihamia kwa tajiri mwingine. Huenda alikaa msimu mzima akikodi. Wamwache aseme mpaka amalize, hata akipandisha sauti, na wasimtetee kijana kwa neno lolote. Kisha waombe mambo mawili tu: asimguse, na wakutane tena yeye akishatoka. Msamaha, kama upo, utakuja kwa wakati wake.

Akitaka kulipwa, msikatae wala msiahidi bei ya injini nzima. Ahadi kubwa ya siku ya kwanza ndiyo inayomrudisha mtu kwenye wizi mwezi wa tatu, anapotafuta pesa ya kuitimiza. Afadhali kiasi kidogo ambacho hakikosi. Na kama pesa yenu inatoka kwenye dagaa, mpange malipo kwa giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, si kwa tarehe za kalenda: kila giza likiisha, kiasi fulani, kabla mbalamwezi haijakausha mifuko. Mwenye mtumbwi atauelewa mpango huo kuliko "kila tarehe 30", ambayo huenda ikaangukia wiki ambayo hakuna anayevua. Yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nakala tatu, na kila malipo yasainiwe. Kama kuna amri ya fidia ya mahakama, karatasi hiyo iitaje, ili asidaiwe mara mbili.

Na lile neno la "hataenda polisi"? Mweleze mwenyekiti na polisi kata, kwa lugha ya kuomba waliangalie, si ya kumshtaki mzee. Mdogo wako ameshaadhibiwa kwa kosa lile na hawezi kushtakiwa tena kwa hilo hilo. Kumpiga ni kosa jipya, na mpigaji ndiye atakayelijibu. Mzee akiambiwa hivyo na mwenyekiti faraghani hatavunjiwa heshima. Akiambiwa na ninyi, ni ugomvi.

Akikataa katakata kuonana na wajumbe wenu, basi mdogo wako aanzie Buhongwa. Tunasema hivi bila kusita, hata kama mama atalia. Miezi mitatu kwa mjomba, upande wa pili wa jiji, haidhuru kitu, mradi na huko atambulishwe kwa mwenyekiti vilevile. Buhongwa isiwe maficho.

Kuhusu serikali ya mtaa, nenda wewe kwanza kabla hajatoka, ukamwambie mwenyekiti tarehe na mahali atakapolala. Halafu akishafika, siku ya pili asubuhi, mwende naye. Abebe karatasi ya kuachiwa na nakala zake mbili. Nakala moja ibaki ofisini, halisi irudi kwako, iwekwe pamoja na vyeti vya watoto. Ombeni barua ya utambulisho. Muombeni pia mwenyekiti awaite viongozi wa ulinzi shirikishi, wamwone uso, wamjue kwa jina na nyumba anayolala. Kusimama mbele ya wale vijana wa zamu kutamwia vigumu, simama naye. Akilipa mchango wa ulinzi wa mwezi kama wenzake na kupewa risiti, tayari ni mkazi. Wiki za mwanzo awe ndani saa mbili usiku. Si adhabu. Akiwa anajulikana alipo, hakuna wa kumsingizia.

Barua hiyo ndiyo itakayomfungulia NIDA. Kama alijiandikisha kabla ya kufungwa, namba yake ipo na haibadiliki; aende ofisi ya NIDA ya wilaya kuitafuta, na kama kadi ilipotea atahitaji taarifa ya upotevu ya polisi. Kama hakuwahi kujiandikisha, ataanza na fomu, barua ya mtaa, na chochote kinachoonyesha alizaliwa wapi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, kitambulisho cha mzazi. Vitafuteni sasa kwenye sanduku la mama. Laini ya simu isiyotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, kwa hiyo ile ya zamani msiitegemee. Na usimsajilie laini kwa alama zako za vidole, hata kwa wiki moja. Lolote litakalofanywa kwa namba hiyo litakutafuta wewe. Yeye naye asikubali kuweka kidole kwa ajili ya laini ya rafiki. Mtu aliyetoka karibuni, mwenye shida ya elfu tano, ndiye anayeombwa hivyo.

Mumeo ana haki ya kuogopa, na usimwambie anamdharau ndugu yako. Hamisheni magunia. Pesa ya mtaji iende kwenye simu au benki, isibaki chumbani hata kidogo. Mdogo wako asishike pesa ya biashara miezi ya kwanza, wala asitumwe kukusanya madeni ya dagaa, maana hesabu za biashara hupungua hata kwa malaika, na ikipungua mbele yake jibu litakuwa limeshapatikana. Mumeo mwenyewe, si wewe, akae na shemeji yake jioni ya kwanza wapange: analala wapi, anachangia kazi gani, atakaa muda gani kabla ya kupanga chumba chake. Sharti lililosemwa na mwenye nyumba kwa sauti ya kawaida ni jepesi kubeba kuliko macho yanayomfuata kimya.

Mtashangazwa na mambo madogo. Utamkuta amesimama mbele ya mlango ambao haujafungwa, anangoja. Ataomba ruhusa ya kwenda kuoga. Atakula haraka, kichwa chini, sahani imeshikwa kwa mkono mmoja, na ataamka alfajiri akae kitako kitandani kama anayesubiri kuhesabiwa. Msimcheke na msimhoji. Mwachie mambo madogo ya kuamua mwenyewe, moja moja: leo mboga iwe nini, aende sokoni saa ngapi. Miaka 4 hakuna aliyemuuliza. Ikifika wiki kadhaa bado halali kabisa, au amejifungia, au ameanza pombe ili alale, mpelekeni hospitali ya Sekou Toure au Bugando, kuna wataalamu wa afya ya akili.

Watoto waambiwe kabla hajatoka, na aambiwe mama yao kwanza, kwa kupitia wazazi wake. Mtoto wa miaka 9 atayasikia shuleni. Afadhali ayasikie kwenu. Maneno machache yanatosha: "Baba yenu alichukua kitu cha mtu. Akafungwa. Amemaliza adhabu yake na anataka kuwaona. Tulipowaambia yuko Ukerewe hatukusema kweli." Sentensi hiyo ya mwisho aiseme bibi mwenyewe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, Sengerema imekuwa karibu sana na mdogo wako atataka kukimbilia huko siku ya kwanza. Mzuieni. Aende anapopewa siku na mama wa watoto, mchana, asilale, na asiende na zawadi ya mkopo.

Kazi tumeiacha mpaka hapa makusudi, kwa sababu kazi bila hayo ya juu humtupa mtu. Kisiwani hapana. Kambini anaanza na deni la chakula kabla ya samaki wa kwanza, pesa inatoka kwa mkupuo na pombe iko mlangoni. Zaidi ya hayo, hatachagua zana. Akikutwa na zana haramu, kwenye mtumbwi wenye nyavu za makila, au akivuta kokoro, au na sangara walio chini ya sentimita 50, doria haitauliza kama alijua. Atakuwa mshtakiwa mwenye rekodi. Uvuvi si dhambi, ila asubiri awe na kitambulisho, leseni yake mwenyewe, na tajiri anayefahamika na BMU. Na dagaa huvuliwa usiku, wakati ambao tumeshasema awe ndani.

Useremala ni mali, na pale Igombe kuna wateja wake: mitumbwi. Usimpe mtaji wa pesa. Mpeleke kwa fundi mitumbwi awe kibarua wa siku, aanze na kupiga randa mbao na kukalafati, kusukuma pamba kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, sawasawa, bila kuacha pengo na bila kuikaza mpaka mbao zipasuke. Ni kazi ya mchana, ufukweni, mbele ya watu wote, na mtumbwi unaovuja au usiovuja unamsemea. Mnunulie zana chache za kwake: randa, msumeno wa mkono, nyundo, futi, na patasi mbili za upana tofauti. Baada ya miezi kadhaa aende VETA, chuo cha ufundi, Nyakato, aulize urasimishaji wa ujuzi. Utaratibu huo ni wa watu waliojifunza kazi nje ya chuo: wanampima anachoweza kufanya kwa mikono yake, wanamfundisha anapopungukiwa, anapata cheti. Aulize zamu ijayo ya kupima ni lini na ada ni kiasi gani, aanze kuweka akiba.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya vijana, haina riba, lakini hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, na hakuna kikundi kitakachomdhamini mtu wa wiki mbili. Aanze na kikoba, hisa moja kwa wiki, kwa mwaka mmoja.

Imebaki asubuhi yenyewe. Muwe getini mapema, wawili tu, wewe na mjomba. Wenzake wa zamani wanaweza kuwa wanamngoja na bodaboda na mwaliko wa kinywaji. Akikukuta umesimama pale ana sababu ya kuwaambia "nimefuatwa". Aulizie mali zake zilizoandikwa mapokezi siku alipoingia, na ahakikishe karatasi ya kuachiwa ina jina lake sahihi, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye vyeti, kwa sababu NIDA watalinganisha. Mpelekee shati, suruali na mkanda, maana mwili wake umebadilika, na viatu vya kufunga. Pandeni daladala ya mjini, kuleni chai bila haraka, kisha pandeni ya Igombe inayopita Pasiansi na uwanja wa ndege. Shukeni kituo cha kawaida, msikodi bajaji ya kuwafikisha mlangoni. Iwe saa nane au tisa mchana, dagaa wako kwenye chanja na kinamama wanawageuza. Tembeeni. Wewe utangulie kusalimia, yeye aitikie.

Washauri